Pikipiki nyuma ya gari-nyumba: pitia mizani kabla ya kwenda dukani

"Fundi, habari za kazi. Mimi na mke wangu tumestaafu. Tumeuza nyumba yetu hapa Houston, na kuanzia Septemba tutaishi barabarani moja kwa moja, ndani ya gari-nyumba la futi 31 lililojengwa juu ya fremu ya Ford E-450. Sitaki kuvuta gari jingine. Nataka kubeba pikipiki kwenye keria inayochomekwa nyuma, ili tukishaegesha kambini nishuke nayo mjini kununua mahitaji, na siku nyingine nizunguke milimani. Nimeipenda Kawasaki KLR650. Chuma cha nyuma cha kuvutia trela kimeandikwa pauni 5,000, na pikipiki yenyewe haifiki hata 500, kwa hiyo naona nafasi ipo tele. Mke wangu anasema mzigo ule kule mkiani unamtia hofu. Zamani nikiwa bwana afya Muheza niliendesha Honda XL125 miaka mingi, pikipiki siiogopi. Nina miaka 66. Nichague ipi, na niibebeje?"

Shikamoo mzee wangu, na hongereni kwa kustaafu. Mpe mama salamu zangu, umwambie hofu yake ina msingi. Wewe umeitazama pikipiki, yeye ameutazama mkia wa gari, na jibu la swali lako liko kwenye mkia. Wengi hununua kwanza pikipiki waliyoipenda, halafu ndipo wanatafuta namna ya kuibeba. Nakuomba uanze na kile ambacho gari lako linaweza kubeba, kisha tuchague pikipiki inayotosha hapo.

Tuanze na hizo pauni 5,000, kwa sababu ndizo zinazowapotosha watu wengi. Kisome tena kile kibandiko kwenye chuma. Utakuta namba mbili. Ya kwanza ni uzito wa trela linalovutwa. Ya pili ni uzito unaoruhusiwa kukandamiza chuma kuelekea chini, na kwa kawaida huwa sehemu moja ya kumi ya ile ya kwanza. Kwako itakuwa pauni 500, yaani kilo 227. Trela linalovutwa lina magurudumu yake na linaubeba mzigo wake lenyewe. Pikipiki iliyo juu ya keria haina gurudumu linalogusa lami, kwa hiyo uzito wake wote unaning'inia kwenye chuma hicho. Namba inayokuhusu ni 500, ile ya 5,000 haina kazi hapa.

Sasa KLR650 ya kawaida kabisa, ikiwa na mafuta, ina pauni 456, yaani kilo 207. Keria ya chuma pamoja na rampu yake ni kilo 40 hadi 45. Jumla inafika kilo 250. Umeshapita kikomo hata kabla hujafunga mkanda wa kwanza, na hapo hujaweka sanduku la pembeni wala kizuizi cha upepo.

Tena kikomo chenyewe kimewekwa kwa kufikiria tufe la chuma la kuvutia trela, lililo karibu na tundu ambamo keria huchomekwa. Keria inausogeza mzigo nyuma zaidi, na pikipiki imesimama wima juu yake, ndefu, ikiyumba kulia na kushoto kila mnapopita kwenye kiungo cha daraja. Chuma hakielemewi kwenda chini tu, kinanyongwa pia. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka ukate kikomo nusu pale unapoongeza kipande cha kurefusha tundu. Mtu akikushauri uweke kipande hicho ili mlango wa stoo ya nyuma uweze kufunguka, mkatalie.

Lakini hata chuma kingekuwa imara mara mbili, bado kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni umbali wa mzigo kutoka ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Bila shaka unawakumbuka wauza mkaa wa baiskeli. Gunia likikaa juu ya gurudumu la nyuma, anaendesha vizuri. Likisogea nyuma ya gurudumu, mbele kunakuwa kwepesi, usukani unacheza, na akipanda kilima gurudumu la mbele linataka kuinuka. Gari lako litafanya hivyo hivyo, isipokuwa uzito wake mkubwa unaficha dalili mpaka siku ya upepo mkali.

Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa futikamba. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kisha pima kutoka gurudumu la nyuma hadi mahali pikipiki itakaposimama. Tuseme kipimo cha kwanza ni mita 5.6 na cha pili mita 3.9, vipimo ambavyo si vigeni kwa gari la urefu wako. Gawa cha pili kwa cha kwanza, unapata 0.7. Maana yake kila kilo utakayoning'iniza kule nyuma inaongeza kilo 1.7 kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza kilo 0.7 kwenye ekseli ya mbele. Ile KLR na keria yake, kilo 250 kwa jumla, itaongeza kilo 425 nyuma na kuondoa kilo 175 mbele, kwenye magurudumu yanayokata kona na kufanya kazi kubwa ya breki.

Ekseli ya nyuma ya E-450 nyingi ina kikomo cha pauni 9,600, na gari zima pauni 14,500, lakini usiniamini mimi, amini kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kipo na kingine cha manjano, kinachoonyesha uzito wa watu na mizigo unaobaki baada ya kiwanda kumaliza kazi yao. Maji ya tangi nayo yanahesabiwa kuwa mzigo, lita moja kilo moja. Wenye magari ya aina yako hushtuka wanapogundua kwamba baada ya kujaza maji, gesi, nguo, vyombo na chakula, kilichobaki nyuma ni kidogo sana.

Kwa hiyo nenda mizani. Hapa Marekani si lazima usubiri kusimamishwa kama malori enzi za mizani ya Kibaha. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya kampuni ya CAT Scale iliyo wazi kwa yeyote. Unapanda juu, majukwaa yanapima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, unalipa dola chache na kupewa karatasi. Nenda ukiwa umebeba kila kitu kama siku ya safari: mafuta yamejaa, maji yamejaa, gesi imejaa, mama amekaa kwenye kiti chake. Ukipima gari tupu umejidanganya.

Tuseme karatasi inasema nyuma ni pauni 8,900. Zimebaki 700. Gawa kwa 1.7, unapata kama pauni 411, yaani kilo 187. Toa keria ya kilo 40, inabaki pikipiki ya kilo 147. Hapo tuna la kuzungumza. Ikisema 9,100, zimebaki 500, na ukifanya hesabu ile ile unabaki na pikipiki ya kilo 93. Pikipiki halisi yenye uzito huo na inayofaa barabara za hapa huipati kwa urahisi. Tofauti ya pauni 200 tu mizani imebadilisha jibu zima, ndiyo maana siwezi kukuambia "nunua hii" kabla sijaiona karatasi yako.

Kuna watakaokuambia weka mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, mkia utainuka na mambo yataisha. Mifuko hiyo ni mizuri kwa kusawazisha gari lililolala, lakini haiongezi kikomo cha ekseli, cha tairi wala cha breki. Kuona mkia umenyooka kunaweza hata kukudanganya, kwa sababu uzito uliotoroka mbele haujarudi. Kinachosaidia kweli ni kupunguza: keria ya aluminiamu badala ya chuma, vitu vizito vihamie stoo za mbele ya ekseli ya nyuma, na kama tangi la maji liko nyuma, safirini nalo likiwa robo, mjaze mkifika.

Hapa nageukia kidogo wasomaji wengine wenye trela la kuishi linalovutwa na pikapu, kwa sababu swali hili huwa linawahusu pia na kwao hatari ni kubwa zaidi. Msiweke pikipiki nyuma ya trela. Ule mraba wa bati nene unaoitwa bampa umetengenezwa kubeba tairi la akiba na bomba la maji taka, basi. Hata mkichomelea chuma imara, fizikia inabaki pale pale. Trela linahitaji asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ilalie pikapu, la sivyo linaanza kupiga mkia. Trela la kilo 2,700 linalolalia pikapu kwa kilo 324 liko salama. Lipachike pikipiki na keria za kilo 180 mkiani, mita 3.75 nyuma ya ekseli, kwenye trela ambalo ekseli yake iko mita 5 kutoka kwenye kiungo, na uzito unaolalia pikapu unashuka hadi kilo 189. Hiyo haifiki hata asilimia 7. Trela la namna hiyo linaweza kutulia siku nzima, halafu lori moja likawapita kwa kasi, na kwa sekunde chache tu trela na pikapu vikawa vimelala mtaroni. Nyinyi wekeni pikipiki kwenye beseni la pikapu, au nunueni trela lenye karakana ndani, lililojengwa kwa kazi hiyo.

Turudi kwako, mzee wangu, kwenye pikipiki yenyewe. XL125 uliyoizoea ilikuwa nyepesi. KLR inakaribia mara mbili ya uzito wake, na utaipandisha na kuishusha kwenye rampu nyembamba kila mnapohama, pengine changarawe ikiwa na umande, ukiwa peke yako. Kuendesha hakunitii wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni ile hatua ya katikati ya rampu, pale mguu wako uko chini na pikipiki iko juu yako. Kwa mtu anayehama kila wiki, wepesi unashinda nguvu za injini.

Mizani ikiruhusu, pendekezo langu la kwanza ni Yamaha XT250. Ina kilo 132, kiti chake kiko sentimita 81 kutoka chini, ina vikanyagio vya abiria, na mafuta yake yanapimwa kielektroniki. Hilo la mwisho lina maana kwako unayetaja milima. Injini ya kawaida inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mnapopanda mita 300, na mji kama Leadville, Colorado, uko mita 3,100 juu. Mfumo wa kielektroniki haurudishi nguvu hizo, lakini unapunguza wenyewe mafuta yalingane na hewa. Kabureta haijirekebishi, inamwaga mafuta mengi kuliko hewa na pikipiki inakohoa. Ndiyo sababu Yamaha TW200, ambayo ni nyepesi kidogo, kilo 126, na ina matairi manene yanayopendwa sana jangwani Arizona, naiweka ya pili: inatumia kabureta, na ikifika maili 60 kwa saa imechoka. Honda CRF300L ni hodari kuliko zote mbili, lakini kiti chake kiko sentimita 88. Simama kando yake dukani kabla hujaipenda kwenye picha. Honda Trail125 ina kilo 117 na ni raha tupu mjini, ila inayouzwa hapa Marekani ni ya mtu mmoja, na haina mbio za barabara kuu.

Nauliza pia: mama atapanda? Hukusema. Kama jibu ni ndiyo, watu wazima wawili kwenye cc 250 wanaweza kwenda sokoni na kurudi, lakini msipange kwenda nayo mji wa mbali. Na kwa barabara kuu za Texas magharibi, ambako kibao kinaruhusu maili 80 kwa saa, hakuna hata moja kati ya hizi ndogo nilizotaja inayofaa. Zitumieni kwenye barabara za mashambani, ambako ndiko kwenye raha yenyewe.

Kama moyo wako umekwama kwa KLR, ipo njia ya halali nayo ni trela dogo la ekseli moja. Pikipiki ya kilo 207 juu ya trela la kilo 300 inakandamiza chuma chako kwa kilo 50 tu hivi, kwa sababu mzigo uliobaki uko kwenye magurudumu ya trela. Gharama yake ni usumbufu: kurudi nyuma na trela fupi usiloliona kwenye kioo ni kazi, baadhi ya kambi hazina pa kuliweka, na California gari lolote linalovuta trela halitakiwi kupita maili 55 kwa saa. Na ukishakubali kuvuta kitu, jiulize kwa nini usivute gari dogo. Jeep Wrangler, au Honda CR-V ya hadi 2014, huvutwa magurudumu yote manne yakiwa chini, mradi kitabu chake kifuatwe na liwe na mfumo wake wa breki.

Sikusukumi huko, lakini nakuomba mlijadili na mama kwa uwazi, kwa sababu pikipiki ikiwa chombo chenu pekee cha mjini, maisha yanakuwa na mipaka. Mtungi wa gesi haubebeki, nguo za dobi hazibebeki, mvua ya mawe haisubiri. Mmoja wenu akiugua usiku mtalazimika kung'oa kambi nzima ili kwenda hospitali, na ukiwa wewe ndiye uliyepanda pikipiki ukapatwa na jambo, mama lazima awe anaweza kuliendesha hilo gari la futi 31. Je, anaweza? Mfundishe kabla ya Septemba, uwe na pikipiki au usiwe nayo. Kwa upande mwingine, ipo raha ambayo gari halikupi. Barabara ya Going-to-the-Sun katika hifadhi ya Glacier, Montana, hairuhusu chochote kinachozidi futi 21 kati ya Avalanche na Rising Sun. Gari-nyumba lenu litabaki chini. Pikipiki itapita. Na kama mizani itawakatalia kabisa, baiskeli mbili za umeme na keria yake ni mzigo wa chini ya kilo 90, zinatosha mahitaji ya siku nyingi.

Leseni: uzoefu wa Muheza ni hazina, lakini Texas inataka alama ya M kwenye leseni yako, na ili uipate lazima upite kozi ya usalama. Usiione kama usumbufu. Kozi inafundisha kukwepa na kufunga breki kwa dharura, mambo ambayo XL125 kwenye vumbi haikukufundisha, na pikipiki ya mazoezi ni ya kwao. Sheria za helmeti zinatofautiana jimbo kwa jimbo; wewe vaa majimbo yote. Na kwa kuwa mmeuza nyumba, hakikisheni anwani mtakayotumia, hata ikiwa ya huduma ya barua kama ile ya Escapees kule Livingston, ndiyo iliyo kwenye usajili na bima ya vyombo vyote viwili.

Kufunga kunahitaji mkono wa kweli. Ipandishe pikipiki ukitembea kando yake, injini ikiwaka, gia ya kwanza, klachi mkononi; usiipande na kuiendesha juu ya rampu hata siku moja. Gurudumu la mbele likae ndani ya kishikizo. Mikanda minne ya racheti, miwili mbele na miwili nyuma, ivute chini na nje, kila mmoja ukishika chuma cha pikipiki kupitia kitanzi laini, si plastiki wala kebo. Kaza mpaka shokapu za mbele zishuke karibu nusu ya mwendo wake. Ukizikandamiza mpaka mwisho unaua sili zake, na ukiziacha juu, shimo la kwanza litalegeza mkanda na ndoano itachomoka. Weka kikazio kwenye tundu ili keria isicheze. Kagua baada ya maili chache za mwanzo, halafu kila mnaposimama. Angalia ekzosi ya injini na ya jenereta zisielekee tairi la pikipiki, maana joto lake linayeyusha mpira mkiwa hamna habari. Usifunike pikipiki safarini, turubai linapigwa na upepo na kukwangua rangi. Na taa za nyuma pamoja na namba ya gari lazima zionekane. Zikizibwa na pikipiki, ongeza taa na kishikio cha namba kwenye keria.

Kuna sehemu moja sitaki uimalize kwa maandishi yangu. Kwenye magari mengi ya aina yako, fremu ya Ford inaishia mapema, na mjenzi wa nyumba ameichomelea vipande vya kurefusha, kisha chuma cha kuvutia kimefungwa kwenye vipande hivyo. Kabla hujanunua keria, lipeleke gari kwa fundi wa fremu na springi za malori, si kwa mchomeleaji wa geti, alale chini akague viungo hivyo kwa taa, atazame nyufa, kutu na bolti zilizolegea. Akikuambia panahitaji kuimarishwa, mwombe akuandikie atafanya nini na kwa chuma gani. Na baada ya kupakia pikipiki kwa mara ya kwanza, kabla ya safari yoyote ndefu, rudi mizani. Ekseli ya nyuma ikiwa chini ya kikomo, gari likiwa limenyooka, na upepo wa tairi ukiwa umewekwa kulingana na uzito uliopimwa, endeni. Kama usukani unaelea lori likiwapita, punguza mwendo, toka barabarani penye nafasi, na uishushe pikipiki, mtu mwingine aje kuichukua. Usijaribu kufika mnakokwenda nayo.